Misimu Mitatu Uliyolima Ukiwa Kaburini

Turffontein, Johannesburg
Desemba 2019

Baba,

Hujambo huko ambako hakuna palizi wala kungoja mvua? Sisi tuliobaki tupo, wazima wa mwili. Nimeshika kalamu kukueleza jambo ambalo ulistahili kulisikia kwangu kwanza, lakini najua Halan, rafiki yako wa Marekani, amenitangulia. Alikuja kwako Alhamisi ya mwisho ya Novemba, akakaa kando ya kaburi lako kutwa nzima. Mimi nilikuwa huku, nimeikodolea macho simu kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

Nikueleze bila kuzunguka. Tangu tukuzike Februari ile ya mwaka 2017, Halan hakuambiwa kwamba umekufa. Wa kumwambia nilikuwa mimi, na sikumwambia. Kwa karibu miaka mitatu nimekuwa nikimwandikia kwa jina lako. Umelima misimu mitatu ukiwa kaburini, Baba, na umevuna vizuri kuliko ulivyowahi kuvuna ukiwa hai.

Najua sasa hivi umeshakunja uso. Ngoja kwanza.

Unakumbuka jinsi mlivyokutana? Nilikuwa darasa la sita. Wazungu wa kanisa lake walikuja kutusaidia kujenga zahanati, na huyu mmoja mrefu akawatoroka wenzake kwenye matofali, akaingia katikati ya mahindi yako. Wewe ulimfuata na panga ukidhani ni mwizi. Ukamkuta amemenya hindi moja, anabonyeza punje kwa ukucha wa kidole gumba kuona kama maziwa yameshakauka. Ukacheka mpaka panga likakuponyoka, maana ndicho ulichokuwa ukikifanya wewe kila asubuhi. Kisha mkatazamana kama mabubu. Ukapaza sauti kuelekea jikoni: "Njoo hapa na Kiingereza chako cha darasa la sita, tuone kama karo yangu imenunua kitu!"

Nilikuja mbio. Sikujua palizi inaitwaje kwa Kiingereza, wala mbegu za kienyeji. Pale niliposhindwa nilitunga. Mlifurahi nyote wawili, hivyo nikaendelea kutunga.

Baadaye zikaja barua. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kwa sababu marehemu Mama alikuwa Mnandi na wewe Mbukusu, kwa hiyo uliniambia maneno kwa Kiswahili nami nikayageuza. Ulikuwa unatembea jikoni bila viatu, gambuti umeziacha mlangoni, na kila nilipoanza na salamu ulinikatiza: "Mwambie udongo kwanza, watu baadaye." Nilipopata kazi ya benki huku, ukamwomba Halan atume barua zake kwangu. Kila moja ilipofika, Jumapili baada ya ibada nilikupigia simu nikakusomea, ukaniambia majibu, nikaandika na kutia sahihi yako mimi mwenyewe kwa ruhusa yako. Ndiyo maana siku ulipoondoka hakuna kilichobadilika kwenye karatasi.

Na Halan wa wakati ule alikuwa mtu, Baba. Mzee wa kanisa, mjumbe wa kamati ya shule, mwamuzi wa ng'ombe kwenye maonyesho ya wilaya yao. Aliwahi kukuandikia kwamba mtu wa benki huja kumtembelea jikoni kwake na kuvua kofia mlangoni. Sentensi ile uliitembeza Trans Nzoia nzima. Ile harambee ya shule, mwalimu mkuu aliposema watu wa jembe wakae viti vya nyuma, ulisimama mbele ya chifu na kila mtu ukasema, "Marekani mkulima ndiye anayemtuma mbunge, si mbunge anayemtuma mkulima!" Watu walicheka, kisha wakapiga makofi, na wewe ukaenda ukakaa safu ya mbele. Acha nikiri leo: siku hiyo nilikuonea haya. Nilitamani baba mwenye tai. Sikuelewa kwamba ulikuwa unaegemea bega la mtu aliye ng'ambo ya pili ya dunia ili usimame wima.

Barua yake iliyobadilisha mambo ilinifikia wiki mbili baada ya mazishi. Nilikuwa nimerudi Johannesburg na matope ya Kitale bado yako kwenye soli za viatu. Aliandika kwamba mkewe amefariki wakati wa baridi. Kwamba shule ile aliyokuwa mjumbe wake imeunganishwa na ya mji mwingine kwa sababu hakuna watoto tena. Kanisani mchungaji anakuja Jumapili moja, nyingine hawamwoni. Shamba la jirani limenunuliwa na kampuni ambayo hakuna aliyewahi kumwona mwenyewe. Na yeye, asubuhi, anaendesha basi la wanafunzi ili apate bima ya afya. "Mtu wa benki haji tena jikoni kwangu," aliandika. "Ninakwenda mimi, na kofia ninavua mimi." Halafu pale chini kabisa: "Wewe ndiye mkulima pekee ninayemjua ambaye hajaniambia niuze."

Ungekuwa wewe ungeandika nini?

Nilikaa na kalamu nikijiambia andika, Baba amefariki, ni maneno mawili tu. Mkono ukaandika: "Ndugu yangu Halan, udongo huku umeanza kupata mvua." Nikajidanganya kwamba ni hiyo moja tu, mpaka amalize kumlilia mkewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilivuka bahari ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, wala haikuonyesha dalili ya kuchoka.

Ukweli wa shamba unaujua, umelala katikati yake. Kabla nyasi hazijaota vizuri kaburini, lilikuwa limekatwa viwanja vya futi hamsini kwa mia. Pale palipokuwa na ghala pana mahali pa kuoshea magari. Kule mteremkoni kuna vyumba vya kupangisha, mabati yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Watu humlaumu Wafula, lakini mimi simlaumu mdogo wangu, kwa sababu karatasi za kukubali liuzwe alinitumia na mimi nilitia sahihi. Ile ilikuwa sahihi yangu, si yako. Niliitia asubuhi moja nikiwa kwenye treni ya kwenda Sandton, nimesimama, karatasi nimeiegemeza kwenye mkoba.

Lakini kwenye barua, Baba! Kwenye barua shamba lako lilistawi. Nilimpigia Wafula kumwuliza kama mvua imenyesha, naye akadhani nimeshikwa na upweke wa nyumbani. Viwavi jeshi walipovamia mahindi mwaka ule ule, Halan aliandika kurasa nne za mawaidha: uamke alfajiri, ufungue majani ya katikati, uwatafute ndani kabla jua halijatoka. Kwao wadudu hao ni wenyeji, anawajua kama watoto wa jirani. Nikamjibu kwamba umeamka saa kumi na moja kila siku na shamba limepona. Halafu nikanogewa. Nikakununulia trekta. Ya mtumba, nyekundu. Nisamehe, najua ulikuwa mtu wa trekta za buluu. Halan alijibu kwamba siku alipoipata barua hiyo aliwanunulia kahawa watu wote kwenye mkahawa wanamokutana wazee wa kwao.

Nilimwambia mtu mmoja tu, Mama Furaha, mshonaji kutoka Bukavu anayekaa karibu nami kwenye ibada ya Kiswahili. Tulikuwa kibandani kwake Marshalltown ananipima gauni. Aliweka mkasi chini. "Dada, baba yako alishakufa, na weye uko unamulimisha kila saison, kila musimu. Haumuonee huruma?" Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Na kazi yangu ndiyo iliyonimaliza. Nakaa ghorofa ya tisa mbele ya skrini, na bei za mahindi na soya za Marekani naziona kabla Halan hajaziona. Marekani ilipogombana na China, Wachina wakaacha kununua soya, niliutazama ule mstari wa bei ukishuka mbele ya macho yangu. Mwenzangu wa dawati la pili akasema, "Eish, shame," ndiyo pole ya huku, akachukua koti akaenda kula. Mimi nilijua ule mstari unamshukia nani. Wiki chache baadaye barua ikaja: soya imejaa mpaka kwenye paa la ghala na hakuna anayeitaka. Serikali yao ikampelekea msaada, naye akaona aibu kuliko alivyoona siku alipoanza kuendesha basi. "Sisi ndio tuliokuwa tunachangisha kanisani kupeleka Afrika," aliandika. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino, kitambulisho cha benki shingoni, na sikuwa na uwezo wa kumwinulia bei hata kwa unene wa kucha. Nilichokiweza ni kuyafanya mahindi yako yaote. Basi nikayaotesha.

Mwaka huu katikati akaandika kwamba amepiga mnada. Kwao mnada wa mkulima hufanyika uani kwake mwenyewe. Vyombo vyote hupangwa kwenye nyasi kwa safu, toka kombaini ya kuvunia mpaka nyundo, na majirani huja kununua wakiwa hawamtazami mwenyewe usoni, kwa heshima. Kombaini yake ilinunuliwa na mtu aliyekuwa kwenye simu, hata hakuja. Ardhi ilikwenda kwa kampuni ile ile, na nyumba ikiwa juu yake. Halan amehamia vyumba viwili vya kupanga mjini karibu na bintiye. Mwisho wa barua akasema amekata tiketi. Mwezi wa Novemba, wakati wa mavuno yako. "Kabla sijafa nataka kusimama kwenye shamba ambalo mwenyewe bado analilima. Nitapitia Johannesburg nimchukue binti yako, aje atutafsirie."

Baba, niliandika barua ya ukweli mara tano na kuichana mara tano. Nilimpigia simu mara mbili; alipoitikia nikakata. Mwanamke mzima, nina cheo, nina watu wanaosimama mezani kwangu kuniuliza maswali, nikakata simu kama msichana aliyeiba sukari.

Nilimpokea uwanja wa ndege. Nilikuwa nakumbuka jitu. Alitoka mzee mwembamba, shati limepigwa pasi na kufungwa mpaka kifungo cha shingoni, mkononi amebeba kijisanduku cha chuma. Ndani yake kulikuwa na kipima unyevu wa mahindi. Hicho tu ndicho alichokataa kuuza kwenye mnada. Alikuletea wewe, ili usianike mahindi kwa kubahatisha. Njiani, kila tulipofika kwenye robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huku, nilijiambia nitamwambia kwenye inayofuata. Johannesburg ina robot nyingi. Tulifika Turffontein sijasema lolote.

Nilimwambia siku ya pili, mezani, mchana. Nilikuwa nimempikia ugali na sukuma, naye anausifu unga, anauliza kama ni wa shamba lako. Hapo nikashindwa kuendelea. Nikasema, "Halan, Baba amekufa."

Akaweka kijiko chini. "Lini?"

Nikamwambia ni lini. Akaanza kukunja vidole, kidole kimoja kimoja, anahesabu misimu.

"Viwavi?"

"Ni mimi."

"Na trekta?"

"Ni mimi."

Hakulia, Baba, wala hakupaza sauti. Aliisogeza sahani kando. Kisha akaniambia, kwa upole ambao sitausahau, kwamba mwaka ule wa viwavi binti yake alimletea mnunuzi. Kijana wa jirani, mkulima mwenzao, aliyetaka kulichukua shamba na kumwachia mzee nyumba na bustani mpaka siku ya kufa kwake. Binti alimsihi akubali. Halan akakataa. Alimwambia bintiye kwamba ana rafiki Kenya, hana mke, shamba lake limeingiliwa na wadudu, na bado mwaka huo huo amenunua trekta. "Nilimsomea barua yako," akasema. Hakusema barua yake. Alisema yako. "Ningeuza wakati ule, ningekuwa bado nakaa nyumbani kwangu."

Mimi nilidhani namfuta machozi. Kumbe nilikuwa namshikilia mtu kwenye nyumba inayoungua, namwambia huku nje ndiko kuna moto.

Nilimwomba msamaha kwa Kiingereza, nikaona hakitoshi. Nikamwomba kwa Kiswahili, ambacho hakielewi hata kidogo. Aliitikia kwa kichwa mara moja tu, sijui ni kwa nini aliitikia. Nilitamani anitukane, kwa sababu tusi ningeweza kulijibu.

Baadaye akasema bado atakwenda Kitale. Nikasimama kwenda kufunga mkoba wangu. Akainua mkono. "Peke yangu." Nikamwonya kuhusu viwanja, kuhusu mabati, kuhusu pale pa kuoshea magari. Akanijibu kwamba mashamba yakiisha ameshayaona, hayamtishi. Siku iliyofuata nilimrudisha uwanja wa ndege, akanishika mkono kama mtu anavyomshika karani aliyemhudumia, akaingia ndani na kijisanduku chake.

Wafula alimpokea Eldoret. Alhamisi saa nne asubuhi simu ikalia.

"Dada, huyu mzee wako amekataa chai, amekataa kiti. Ameketi tu chini hapo kwa Baba. Na anaongea."

"Anasema nini?"

"Anaongea Kizungu chake, pole pole. Kuna wakati ananyamaza kama mtu anangoja ajibiwe, halafu anaendelea. Wapangaji wametoka wote wanamwangalia. Niende karibu nisikilize?"

Baba, nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Wafula Kiingereza anakijua, angenieleza neno kwa neno, na mimi ningejua kama nimesamehewa au la.

Nikamwambia, "Mwache. Kawaambie na hao wapangaji warudi ndani."

Aliondoka jioni, akapitia Nairobi kwenda kwao. Sijapata neno lake mpaka leo. Nimemwandikia, kwa jina langu, barua fupi isiyo na udongo wala mvua. Huenda ataifungua, huenda ataitupa. Haki ya kuitupa anayo.

Kwa miaka zaidi ya thelathini, Baba, hakuna neno mlilowahi kuambiana ambalo halikupita kinywani mwangu. Nilipunguza pale nilipoona limezidi, nikaongeza chumvi pale nilipoona halina ladha, na nyinyi mkapendana hivyo hivyo. Alhamisi ndiyo mara ya kwanza mmekaa wenyewe. Labda alikueleza kuhusu mkewe. Labda alikueleza siku ya mnada. Na kama alikuambia kwamba mtoto wako amempotezea nyumba, mwamini, ni kweli. Kama alisema na jingine baada ya hapo, baya au jema, liamini pia. Usinitetee.

Ninakuahidi mambo mawili, kwa sababu ndiyo yaliyo ndani ya uwezo wangu. Sitatia tena sahihi yako popote. Na kila mwaka wakati wa mavuno nitamwandikia Halan nikimweleza yaliyopo kama yalivyo, hata kama yaliyopo ni mabati, hata kama hajibu, mpaka nisikie na yeye ameondoka.

Weka jembe chini sasa, Baba. Nimekulimisha kupita kiasi na nakuomba radhi. Pumzika kama watu wengine waliokufa. Na yale aliyokuambia Halan, kaa nayo. Sitakuuliza.

Ni mimi,
Nekesa